Vidonge Nane

Siku za kliniki ya presha humsindikiza mama, nami hukaa kando nikimtazama nesi. Hana haraka. Mgonjwa hupumzika kwanza dakika 5, mgongo umeegemea kiti, nyayo ziko sakafuni, ndipo anapomfunga mkanda wa kipimo. Namba ikiwa juu, hakimbilii kupendekeza dawa ya pili. Hunyoosha mkono: "Mama, nione bahasha za dawa."

Anajua hatari iliyopo. Mgonjwa anayeruka dozi akiongezewa dawa, siku atakapoamua kuzimeza zote presha inaweza kushuka ghafla, akaanguka.

Humwaga vidonge kwenye trei na kuvihesabu polepole. Mwezi mmoja mama alikuwa amepewa 30 vya dawa ya kupunguza maji mwilini. Siku 28 zilikuwa zimepita, na vilibaki 10. Maana yake amemeza 20, kama asilimia 71. Wataalamu wengi hutaka angalau asilimia 80.

Hata hivyo, nesi huyu haiamini bahasha peke yake. Bahasha tupu inaweza kumaanisha vidonge vimegawiwa jirani. Wengine humeza kwa bidii siku mbili tatu kabla ya kliniki, kisha hupumzika. Ndiyo maana hutazama pia tarehe za kuchukua dawa kwenye kadi, na kwa anayetumia atenololi hushika mapigo, kwa kuwa dawa hiyo huyapunguza kasi. Kwa anayetumia amlodipini huangalia vifundo vya miguu. Vikivimba, huenda hapo ndipo mtu alipokatia tamaa.

Ustadi wake mkubwa umo katika kuuliza. Ukimwuliza mtu mzima, "Unameza dawa zako vizuri?" umeshampa jibu. Atasema ndiyo, kwa heshima. Yeye huanza hivi: "Wengi wetu dawa za kila siku hutushinda mara mojamoja." Kisha hunyamaza.

Siku ile aliviangalia vile 10, akatoa viwili ambavyo vingebaki hata kwa mmezaji hodari. "Nane kwa wiki 4," alisema taratibu. "Mama, kuna siku mbili kila wiki zinazokupa shida?"

Mama alicheka kwa aibu. "Jumanne na Ijumaa nakwenda gulioni. Ile dawa inanikojoza. Ndani ya daladala nitashukia wapi, mwanangu?"

Mimi naishi naye nyumba moja, na sikuwa nalijua hilo.

Huko Hamilton, Kanada, David Sackett na Brian Haynes waliwachunguza wafanyakazi wa kiwanda cha chuma wenye presha, na mwaka 1975 walieleza kwamba kuwafundisha kuhusu ugonjwa wao kuliwaongezea maarifa bila kuwafanya wameze dawa zaidi. Mama naye hakukosa maarifa. Alikosa mahali pa kujisaidia njiani.

Nesi hakumgombeza. Alimwendea daktari, wakakubaliana kwamba siku za gulio mama ameze dawa hiyo mchana, akisharudi nyumbani. Nesi akaliandika hilo kwenye kadi kwa herufi kubwa ambazo mama anaweza kuzisoma bila miwani. Dawa haikuongezwa.

Kliniki iliyofuata, baada ya siku 28 nyingine, vidonge vya bahasha mpya vilimwagwa tena kwenye trei. Vilikuwa viwili. Nesi alivihesabu mara mbili, kwa uangalifu uleule.