Sindano ya maji au mafuta ya mashindano: hesabu ya turbo kwenye mlima wa Ngorongoro

Gari likitoka Karatu kwenda ukingo wa kreta ya Ngorongoro hupanda kutoka mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 2,200. Ukishavuka lango la Lodoare ni kona na msitu, gia ya pili na ya tatu, mara nyingi nyuma ya lori. Wenye magari ya turbo husema mlima huu hauwasumbui: turbo hufidia wepesi wa hewa ya juu, na ubaridi wa msituni huipoza injini. La kwanza ni kweli. La pili ndilo linaloua injini.

Tupige hesabu. Pwani, presha ya hewa ni kilopaskali 101; ukingoni mwa kreta ni kama 77. Chukua injini ambayo kompyuta yake inadai kilopaskali 200 kwenye manifoldi, iwe Dar es Salaam au Ngorongoro. Dar, turbo huibana hewa mara mbili. Ukingoni inalazimika kuibana mara 2.6. Hewa ikibanwa hupata joto. Kwa turbo yenye ufanisi wa asilimia 70, hewa ya Dar iliyoingia na nyuzi 30 hutoka na nyuzi 125 hivi, lakini ya Ngorongoro, iliyoingia na nyuzi 15 tu, hutoka na nyuzi 144. Ubaridi wote wa msitu umeliwa, na bado kuna nyongeza ya karibu nyuzi 20. Intakula iliyowekwa kuondoa joto hilo nayo inapata hewa nyepesi, tena kwa mwendo wa lori lililo mbele yako.

Turbo inayodhibitiwa na springi peke yake iko salama zaidi, kwa sababu springi hupima kwa kulinganisha na hewa ya nje: presha halisi hushuka kadiri unavyopanda, gari linakuwa zito, injini inasalimika. Hatari iko kwa gari la kompyuta lililoongezwa presha gereji.

Kinachofuata mafundi wanakijua. Petroli iliyochanganyika na hewa ya moto hulipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia, injini inagonga, na mlio huo ukiachwa uendelee, pistoni hupasuka au gasketi ya silinda hedi huungua. Subaru za turbo zinazotoka Japani, Forester na Impreza kwa mfano, zina sababu ya ziada ya kuogopa. Petroli ya daraja la juu kwao haipaswi kushuka chini ya oktani 96, na inayouzwa vituoni hufika 100 hivi. Injini zilipangwa kwa mafuta hayo. Zikifika hapa zinajazwa kilichopo kwenye pampu ya Karatu, na sensa inayosikiliza mgongano huchelewesha moto wa plagi ili kuziokoa. Dereva huona gari limechoka, kumbe linajilinda.

Mafuta ya mashindano hutibu ugonjwa huu upande wa petroli: oktani hupandishwa mpaka mafuta yavumilie joto na mbano. Yanafanya kazi, hilo halina ubishi. Safari Rally, iliyoanza 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika na ambayo sasa makao yake ni Naivasha, kwenye mita 1,900 hivi, ni mfano mzuri. Magari ya daraja la juu kabisa hutumia mafuta ya aina moja kutoka kwa msambazaji mmoja, na tangu 2022 mafuta hayo hayatokani na visima. Mhandisi wa timu anajua kila tone lililomo ndani ya tanki, na anaipanga injini kwa tone hilo.

Mtu wa Karatu hana msambazaji huyo. Pipa litasafirishwa kutoka mbali, na litaungua lote, unapopanda na unapoteremka, hata ukiwa umesimama getini unasubiri kibali. Shida yenyewe ni ya dakika chache za kupanda. Isitoshe, mengi ya mafuta yenye oktani 110 na zaidi bado yana risasi, ambayo petroli ya vituo vyetu iliachana nayo kufikia mwanzoni mwa 2006. Risasi huua sensa ya oksijeni na kichujio cha eksozi, mbali na sumu inayoachwa kwa wanaovuta moshi huo barabarani. Wapo pia wanaotamani petroli ya ndege. Hiyo nayo ina risasi. Na tahadhari: ndege aina ya Cessna Caravan zinazotua uwanja wa Manyara hutumia Jet A-1, mafuta ya jamii ya mafuta ya taa, ambayo oktani yake ni ndogo mno. Kuyatia kwenye injini ya petroli ya turbo ni kuiua kwa mkono wako.

Sindano ya maji hushughulika na joto lenyewe. Pampu ndogo husukuma maji kwenye nozeli iliyowekwa baada ya intakula, yanaingia kama ukungu na kugeuka mvuke. Kilo moja ya maji ikigeuka mvuke hufyonza kilojuli 2,260 hivi, methanoli 1,100, petroli kama 350. Ukipima maji asilimia 15 ya petroli, injini inayokula lita 5 kupanda itatumia robo tatu ya lita ya maji. Chombo cha lita 5 kinatosha safari kadhaa, na kwenye tambarare hakitoi hata tone.

Jambo hili ni la zamani. Oldsmobile Jetfire ya 1962 iliuzwa ikiwa na turbo na chupa ya maji na methanoli, nusu kwa nusu. Chupa ikiisha, mtambo ulipunguza presha ya turbo. BMW walilirudia mwaka 2016 kwenye M4 GTS, wakatumia maji matupu, na injini ikapanda kutoka nguvu-farasi 431 hadi 500.

Kwa mlima huu nashauri maji matupu. Methanoli huongeza oktani na huzuia maji kuganda, lakini mwali wake mchana karibu hauonekani, na ni sumu inayopofusha na kuua. Mwaka 2014 nchini Kenya pombe iliyotiwa methanoli iliua makumi ya watu. Dumu lake halipaswi kukaa nyumbani wala kambini bila alama na kufuli. Ukilala ukingoni Juni au Julai, mwaga maji usiku yasigande.

Maji yawe yaliyochemshwa na kukusanywa kutoka kwenye mvuke, kama yale safi yanayouzwa kwa ajili ya betri. Usiyachanganye na asidi yake. Maji ya chemchemi na visima vya kaskazini yana chumvi na floraidi nyingi. Nozeli itaziba kabla msimu haujaisha.

Land Cruiser za dizeli, ambazo ndizo nyingi kreta, zina kesi nyingine. Oktani haiwahusu. 1HZ ya lita 4.2, iliyozaliwa bila turbo na yenye mbano wa 22.4 kwa 1, ikifungwa turbo hapa Arusha huteswa na joto la eksozi, hasa kwenye kupanda Lerai kutoka sakafu ya kreta. Maji hulishusha joto hilo, lakini dawa ya kwanza ni geji ya joto la eksozi na pampu ya dizeli iliyopunguzwa kipimo.

Hukumu yangu ni hii: mafuta ya mashindano yabaki ya siku ya rali, na kwa Karatu na kreta sindano ya maji ndiyo inayofaa, mradi itumike kulinda presha ile ile ya kiwandani. Anayeongeza presha kwa kutegemea maji ameikabidhi injini kwa nozeli moja. Basi kiwepo kizuizi kinachoshusha presha mara maji yakiisha au nozeli ikiziba. Fundi akikufungia sindano bila kizuizi hicho, mwambie akifunge kwanza ndipo umlipe.