Punje Nyingi, Lishe Haba

Makunduchi ni ardhi ya maweni. Udongo umejibana katika mianya ya mawe ya matumbawe, maji hayatuami, na mabonde ya mpunga ya Unguja, kama Cheju na Kibokwa, yako kwingine. Hata hivyo wali ndio chakula kikuu huko kama Zanzibar nzima, na sehemu kubwa ya mchele hutoka ng'ambo. Kwa hiyo namna mpunga unavyoitikia ongezeko la hewa ya ukaa ni jambo la mnunuzi kabla ya kuwa la mkulima.

Hewa hiyo ndiyo malighafi ya wanga. Ikizidi, jani hutengeneza wanga mwingi, na vitundu vyake hujifunga kiasi, maji yakapotea kidogo. Majaribio ya awali yalifanywa vyumbani, ambamo joto na upepo si vya shambani. Kuanzia 1998, huko Shizukuishi, Japani, watafiti walizungushia mpunga mabomba na kuachia gesi upande unakotoka upepo, mimea ikabaki uwanjani. Mavuno yalipanda, ila si kama ilivyotarajiwa kutokana na vyumba. Kisha mwaka 2018 yakachapishwa matokeo ya viwanja vya namna hiyo vya Uchina na Japani: aina 18 za mpunga, gesi ikifikishwa sehemu 568 hadi 590 kwa milioni, ilhali hewa ya sasa imepita 420. Protini ilishuka kwa wastani wa asilimia 10.3, madini ya chuma 8, zinki 5.1, na foleti takriban 30. Maelezo mojawapo ni kwamba wanga hukua haraka kuliko mizizi inavyoweza kuleta virutubisho.

Wapo watakaosema upungufu huo ni mdogo, na kwamba samaki na kunde zitauziba. Ni kweli kwa mwenye kitoweo. Kwa nyumba ambayo sahani imejaa wali na mchuzi mwepesi, hakuna cha kuziba. Wengine watasema mavuno yatafidia. Lakini ziada ya gunia humfaa mwenye shamba, na upungufu wa punje humfuata mlaji hadi mezani. Tumaini limo katika tofauti za aina hizo 18, kwani hazikupoteza kwa kiwango kimoja. Basi wanaochagua mbegu wapime lishe pamoja na mavuno na harufu, na Makunduchi iithamini kunde na mtama inaoweza kuotesha penye mawe.