Kusimika kwa Mkono

Kampuni nyingi zinazokodisha seva pepe siku hizi zina kitufe cha kukusimikia kila kitu. Unalipa, unabonyeza, unaletewa jina la kuingilia na nenosiri, na tovuti iko hewani. Sina ugomvi na kitufe hicho kwa mtu mwenye haraka zake. Lakini kwa fundi, na hasa fundi wa Kigoma, naitetea njia ndefu: seva tupu, skrini nyeusi, amri moja baada ya nyingine mpaka WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, isimame.

Wapo wanaodhani njia hiyo inataka intaneti ya kasi. Ni kinyume chake. Amri ni maandishi matupu. Yanapita hata siku ambayo mtandao unachechemea na ukurasa wenye picha haufunguki. Na kifurushi chenyewe cha WordPress, megabaiti 20 na ushei, hakigusi bando lako. Umekaa Mwanga au Ujiji hapa Kigoma, unaandika mstari mmoja, wget na anwani, na seva iliyoko Frankfurt inajichukulia mzigo huko huko kwa sekunde chache. Mstari wa pili, tar -xzf, na kifurushi kimefunguka. Nikihofia umeme au mtandao kukatika, naanza kwa kuandika screen. Hapo kazi inabaki hai upande wa seva hata kompyuta yangu ikizimika. Mtandao ukirudi naandika screen -r, naikuta imeendelea au imeshamaliza. Waliofanya kazi Kigoma ya majenereta ya dizeli wanaelewa kwa nini naipenda amri hiyo ndogo.

Kisha inakuja hifadhidata. Unaingia MariaDB, unaunda hifadhidata, unaunda mtumiaji wake, unampa mamlaka juu ya hiyo moja tu. Unarudi kwenye faili la mfano la mipangilio, unalitolea nakala iitwayo wp-config.php, unaandika humo mambo manne: jina la hifadhidata, jina la mtumiaji, nenosiri, na mahali hifadhidata ilipo. Herufi moja ikipishana, kivinjari kinakuambia imeshindikana kuunganishwa na hifadhidata, basi, hakiongezi neno. Aliyebonyeza kitufe akikutana na ujumbe huo anapiga simu kwa kampuni na kusubiri. Aliyeandika mistari ile minne anajua pa kutazama: ama MariaDB imelala, ama nenosiri limebadilishwa, ama diski imejaa. Anakagua moja moja, na mara nyingi simu haihitajiki.

Mahali ninapopapenda kuliko pote ni kwenye ruhusa za faili. Kila faili lina tarakimu tatu: ya mwenye faili, ya kundi lake, ya watu wengine wote. Kusoma ni 4, kuandika ni 2, kuendesha ni 1, na unajumlisha. Kwa hiyo 644 maana yake mwenyewe asome na kuandika, waliobaki wasome tu. Faili la wp-config.php, kwa kuwa limebeba nenosiri, nalipa 640, na kundi lake nalifanya lile la seva ya wavuti, ili programu ilisome na mtu wa pembeni asilione kabisa. Tovuti ikigoma kupokea picha, wapo wanaokimbilia 777, yaani kila mtu afanye atakalo. Picha zinapanda kweli, na mlango umebaki wazi kwa yeyote atakayejipenyeza. Fundi anauliza kwanza folda hiyo ni ya nani, na hapo chown, amri ya kubadilisha mwenye faili, inamaliza kazi bila kumfungulia mtu asiyehusika. Hesabu hii ya darasa la pili inalinda riziki za watu.

Mji wetu unaijua kazi ya kuunga vitu vilivyofika kwa vipande. Mwaka 1913 meli ya Graf von Goetzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa, ikafungashwa katika makasha yapatayo 5,000, ikavushwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha ikapakiwa kwenye reli hadi Kigoma, ambako reli ilifika mwaka 1914. Hapa ikaungwa upya, na Februari 1915 ikashushwa ziwani. Julai 1916 vita vilipowaelemea Wajerumani, amri ikatoka izamishwe. Waliopewa kazi hiyo ni mafundi wale wale walioiunga. Waliijaza mchanga, wakazipaka injini grisi nzito, wakaizamisha taratibu karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924, injini zilikuwa bado zinafaa, na mwaka 1927 ikarudi safarini kwa jina la Liemba. Mtu asiyeiunga meli ile angejuaje pa kupaka grisi?

Kwenye seva, grisi yetu ni nakala ya hifadhidata inayotolewa kwa mysqldump, folda ya wp-content, na lile faili la mipangilio. Vilivyobaki vyote vinapatikana upya kwa wget. Aliyesimika kwa mkono anajua kipi ni mali ya mteja na kipi kimejaa kila mahali duniani, kwa hiyo anajua cha kuokoa kwanza.

Faida nyingine niliiona kwenye tovuti niliyowasimikia wauza dagaa wa Kibirizi. Wanaweka bei, na wanatangaza giza linapoanza, maana usiku wa mbalamwezi taa hazivuti dagaa na mitumbwi hupumzika. Wateja wao, wa Dar es Salaam kwa Lubumbashi, huingia kwa mkupuo giza linapokaribia. Seva ina gigabaiti 1 tu ya kumbukumbu. Ikiruhusu michakato mingi ya PHP kwa wakati mmoja, kumbukumbu inakwisha na mfumo unaanza kuua programu, mara nyingi ukianza na hifadhidata. Nilipima kila mchakato unakula kiasi gani, nikaiachia MariaDB sehemu yake, nikagawa kilichobaki, na jibu nikaliandika kwenye pm.max_children, kikomo cha michakato hiyo. Tangu hapo wateja wa ziada wanasubiri kidogo kwenye foleni na tovuti haianguki. Kitufe hakiijui mbalamwezi ya Kibirizi.



Vijana wanaokuja kujifunza kwangu nawapa seva tupu. Wakishaona ukurasa wa kwanza umefunguka na wamefurahi, nawaambia watoe nakala, waipeleke mahali pengine, kisha wafute seva yote. Uso unawabadilika. Wanaanza tena kutoka sifuri, wanarudisha nakala, na safari hii mikono inakwenda yenyewe na maswali ni ya maana zaidi. Anayeirudisha tovuti nzima, picha na maandishi yote mahali pake, bila kuniita, ndiye ninayemkabidhi ufunguo wa seva ya wauza dagaa.