Je, Chema Chajiuza?

Msomaji, wahenga walinena: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapa Nyaramba nimetazama tena vipindi vya kale vya Top of the Pops, vilivyoanzishwa na BBC ya Uingereza tarehe 1 Januari 1964. Nyimbo zilipangwa kwa wingi wa santuri zilizouzwa. Na mara nyingi mwimbaji alichezesha midomo tu, santuri ndiyo iliyoimba. Mpiga obokano, chombo chetu cha nyuzi nane, hana hila hiyo: akikosea, twasikia. Tena vipindi vingi vya miaka ile BBC yenyewe ilivifuta. Basi namba moja ni hukumu ya soko kwa juma moja. Wewe usiulize wimbo umeuzwa kiasi gani. Uliza kama ungali waimbika santuri ikinyamaza.