Tohara ya Watoto na Ubatizo wa Watoto: Uhakiki wa Hoja Mbili za Mimbarani

Tarehe 1 Januari kalenda ya Kanisa hutuletea somo la mstari mmoja tu, Luka 2:21, linaloeleza kutahiriwa kwa Bwana Yesu siku ya nane na kupewa jina. Katika sharika nyingi somo hili hufunikwa na salamu za Mwaka Mpya. Huko Nkende na kwingineko katika wilaya za Tarime na Serengeti halifunikiki. Msimu wa tohara wa Wakurya huangukia Novemba na Desemba, shule zikiwa zimefungwa; hivyo, katika miaka ya tohara, mhubiri husoma somo hilo wakati baadhi ya watoto wa usharika wangali wanauguza majeraha. Msikilizaji ana haki ya kuuliza: Je, Bwana mwenyewe hakutahiriwa? Makala haya yanahakiki hoja mbili zinazotolewa kulijibu swali hilo.

Hoja ya kwanza husema kwamba tohara ni agizo la Biblia, kwa hiyo mila na Maandiko vinapatana. Hoja hii haistahimili usomaji makini. Agizo la Mwanzo 17:9-14 linahusu wanaume peke yao, linatimizwa kwa mtoto wa siku nane, nalo ni ishara ya agano la Mungu na uzao wa Ibrahimu. Mila ya Wakurya inahusu vijana wa kiume na wa kike, nayo ni mlango wa kuingia utu uzima, ndoa na heshima ya ukoo. Yanayofanana hapa ni kisu na neno. Tena neno lenyewe limetuponza. Kiswahili kimezoea kusema "kutahiri" kwa mvulana na kwa msichana pia, na asili ya neno "tohara" ni usafi. Basi mama anayesikia habari za Ibrahimu kanisani husikia kwamba binti yake naye ametajwa, na kwamba asipokatwa ni najisi. Mhubiri asiyetenganisha tohara na ukeketaji amekwisha kuubariki ukeketaji kabla hajafikia "Amina".

Hoja ya pili hutoka upande wa pili, nayo hupendwa na wanafunzi wetu. Husema kwamba mtoto hakuridhia, basi lolote atendewalo kwa ajili ya dini ni dhuluma. Mwaka 2012 mahakama ya Köln, Ujerumani, iliamua kwamba kumtahiri mtoto wa kiume kwa sababu za dini ni kumjeruhi. Desemba mwaka huo huo Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya kuruhusu tohara hiyo kwa masharti. Mjadala ule haukuwa mwepesi, na hoja ya ridhaa ina uzito wake. Lakini Mlutheri anayeisimamia peke yake aangalie anakata tawi gani. Sisi tunawabatiza watoto wachanga bila kuwauliza. Luther, katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, hakuujenga ubatizo juu ya ridhaa wala juu ya imani ya mtoto, bali juu ya Neno na amri ya Mungu. Ikiwa ukosefu wa ridhaa peke yake ndio dhambi, basi visima vyetu vya ubatizo navyo vifungwe.

Kigezo kilicho bora tunacho katika maungamo yetu. Paulo alimtahiri Timotheo (Mdo 16:3), lakini Tito hakulazimishwa kutahiriwa (Gal 2:3). Kanuni ya Makubaliano ya mwaka 1577, katika kifungu cha 10, inaitumia mifano hii miwili kufundisha kwamba jambo lisiloamriwa wala kukatazwa na Mungu ni huru; bali likidaiwa kwa shuruti kana kwamba ni la lazima, Kanisa halina ruhusa ya kukubali. Basi tuulize maswali mawili. Je, tendo hili linampa mtoto nini na linamwondolea nini? Je, asiyetendewa bado anahesabiwa kuwa mtu kamili?

Ubatizo hauondoi chochote katika mwili. Humpa mtoto jina na ahadi, naye akikua huikiri kwa kinywa chake katika kipaimara. Tohara ya mvulana, ikifanywa na mganga mwenye ujuzi, inaweza kuachiwa uhuru wa wazazi. Hata hivyo alama yake haifutiki, na mzazi anayesubiri mwanawe akue hatendi kosa. Ukeketaji hauwezi kuingia katika uhuru huo. Unaharibu kiungo kilichoumbwa na Mungu, na msichana asiyekeketwa huitwa "omosagane", jina la kumnyima utu. Hapa shuruti iko wazi, na jibu la Paulo kuhusu Tito ndilo jibu letu.

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliharamisha kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Takwimu za kitaifa zinaonyesha kwamba mkoani Mara wanawake waliokeketwa walikuwa asilimia 32 katika utafiti wa 2015-16 na asilimia 28 mwaka 2022. Tushukuru, lakini tukumbuke yaliyotokea Singida na Dodoma. Huko kisu kilihamia kwa watoto wachanga, kwa kisingizio cha kutibu "lawalawa". Utafiti wa 2015-16 ulionyesha kwamba, nchini kote, takriban theluthi moja ya waliokeketwa walikatwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Binti wa miaka 14 anaweza kukimbilia kituo cha Masanga, Tarime, au Nyumba Salama ya Mugumu, iliyofunguliwa mwaka 2014. Mtoto wa miezi mitatu atakimbilia wapi? Sheria inayovizia sherehe peke yake huwafundisha watu kuifanya bila sherehe.

Kwa hiyo mahubiri ya Januari 1 ni kazi ya kichungaji isiyoahirishwa. Mchungaji aseme wazi, kwa maneno mawili tofauti, tohara ni ipi na ukeketaji ni upi. Kisha akae kwenye nusu ya pili ya mstari, yaani jina. Kila msichana wa usharika aliyebatizwa jina lake limekwisha kuandikwa, na hakuna mzee wa mila wala ngariba aliyepewa mamlaka ya kulikamilisha. Hayo yahubiriwe pia mwezi wa Oktoba, kabla shule hazijafungwa, na katika siku za ubatizo, wazazi na wasimamizi wakiwa wamesimama mbele na mtoto mikononi.