Luthor, Hasimu Asiyesahaulika

Katika mwaka wa 1978 Elliot S. Maggin, mtungaji wa hadithi za picha za Superman huko Marekani, alitoa riwaya iitwayo Last Son of Krypton. Ndani yake Superman, shujaa arukaye angani, na hasimu wake Lex Luthor walazimika kushirikiana dhidi ya adui atokaye nyota za mbali. Luthor alikuwa rafiki wa Superman utotoni, katika mji mdogo wa Smallville. Amjua kuliko wamjuavyo wanaomshangilia. Kwa hiyo kila wasaidianapo, msomaji huingiwa na hofu na matumaini pamoja: je, urafiki uliokufa waweza kufufuka? Kijicho, kiburi na upweke wa Luthor vyaelezwa kwa nafasi ambayo kurasa za picha hazina. Laiti mtungaji angalimpa yule mgeni wa nyota nusu ya uhai aliompa Luthor!