Maandishi ya Yav yangewekwa jalada gani?

Kwenye kabati la majalada ya mada, yale yanayobeba vipande vya magazeti, vipeperushi na karatasi zisizofikia kuitwa kitabu, kosa kubwa hufanyika mapema sana: pale unapoandika kichwa cha jalada. Lubumbashi, mji wa Kongo uliokuwa ukiitwa Elisabethville, una mfano mzuri.

Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya watu waliowahi kuwa watumishi majumbani mwa Wazungu, alitoa maandishi yaliyopigwa taipu kwa Kiswahili cha mjini, yakiitwa *Vocabulaire de ville de Elisabethville*. Karani mwenye haraka angesoma jina hilo akayatia kwenye jalada la lugha, pamoja na kamusi. Lakini ndani hamna kamusi. Ni historia ya mji, kuanzia enzi za mfalme Leopold II wa Ubelgiji, kama walivyoijua waliopika na kufua. Mtafiti wa kazi za ndani angepita kabatini mara kumi asiyaone.

Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyeyachapisha mwaka 1990, hakuanza kwa kusahihisha. Tahajia ilikuwa ya kubahatisha: maneno yameungana hapa, yamekatika pale, nukta za kuokoteza. Nakala ya awali ikaachwa ilivyo. Kalundi Mango, mwenye Kiswahili hicho, akayasoma kwa sauti, maana sikio hutambua sentensi inapoishia hata pale jicho linapopotea. Ndipo yakaandikwa upya na kutafsiriwa kwa Kiingereza, naye mwanaisimu Walter Schicho akaongeza maelezo ya lugha. Kila kazi iliwekwa kando ya nakala, si juu yake.

Jaladani ni vivyo hivyo. Pini yenye kutu itoke, gazeti linalogeuka njano litolewe fotokopi, tarehe na chanzo viandikwe kwa penseli (kipande kisicho na tarehe hakimsaidii mtu). Maneno yasiguswe.

Shida ya Katanga, eneo la Lubumbashi, ni majina. Elisabethville ikawa Lubumbashi mwaka 1966, Jadotville ikawa Likasi. Jimbo likaitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997. Jimbo la sasa la Haut-Katanga ni la 2015, Katanga ilipogawanywa. Migodi ya kampuni ya Union Minière ikaingia kampuni ya serikali, Gécomin, mwaka 1967, baadaye ikaitwa Gécamines. Mimi ningechagua jina moja kwa kila jalada, na chini ya kila jina la zamani niweke karatasi ya “tazama” inayoelekeza kwenye jina lililochaguliwa. Maandishi ya Yav yangekaa kwenye “Watumishi wa nyumbani”, na karatasi za kuyaelekea ziwe kwenye “Historia ya Lubumbashi” na “Kiswahili cha Katanga”.